Mafuta ya ndani ya uso na shingo kadiri umri unavyokwenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama mmoja wa miaka 52 aliweka vitu viwili mezani kwangu: kitambulisho chake cha zamani cha mpiga kura, na simu yenye picha aliyopigwa harusini wiki iliyopita. Kwenye kitambulisho mashavu yamejaa na kidevu kimechongoka. Kwenye simu mashavu yameshuka, macho yameingia ndani kidogo, na chini ya kidevu pamejaa. "Nesi, niambie ukweli," akasema. "Nimekonda au nimenenepa?"

Jibu lilikuwa: vyote viwili, kwa wakati mmoja, ndani ya uso uleule. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu hunirudia nayo kila mara, na karibu yote yanazunguka jambo hilo. Yameanza na ya msingi. Ukiwa na haraka kwa sababu umeona uvimbe, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Ukiona hivi, usiusingizie umri".

## Mambo ya msingi

Mafuta ya usoni yana kazi gani?

Yanaupa uso umbo, yanakinga neva na mishipa ya damu, na yanaifanya misuli iteleze vizuri mtu anapotafuna, anapocheka au anapofumba macho. Mtoto mchanga ndiye anayeionyesha kazi hii waziwazi. Ndani kabisa ya shavu lake kuna fungu la mafuta linalozuia shavu lisibonyee anaponyonya. Fungu hilo huendelea kuwepo hata ukubwani. Wataalamu huliita kwa jina la Xavier Bichat, mwanaanatomia Mfaransa aliyefariki mwaka 1802. Tutalirudia kwenye sehemu ya matibabu, maana siku hizi kuna watu wanaolipa pesa litolewe.

Ni kweli kwamba uso "unaanguka" mtu akizeeka?

Ni kweli nusu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mafuta ya uso ni tandiko moja, kama godoro, ambalo linateleza lote kuelekea chini. Mwaka 2007 madaktari wa upasuaji wa Marekani, Rod Rohrich na Joel Pessa, walichapisha kazi iliyobadilisha fikra hiyo. Walidunga rangi ya buluu kwenye nyuso za maiti waone itasambaa vipi. Haikusambaa uso mzima. Ilijaza eneo moja, ikafika kwenye ukuta mwembamba wa nyuzi, ikagota hapo.

Menya chungwa utaelewa. Kwa nje ni tunda moja, lakini ndani kila kipande kina utando wake. Uso nao una mifuko mingi ya mafuta: mingine iko juu, chini tu ya ngozi, na mingine iko ndani, chini ya misuli, karibu na mfupa. Kila mfuko unazeeka kivyake. Kwa kawaida ile ya ndani ndiyo hupungua, hasa ya katikati ya uso. Ya juu, ikishakosa kitu cha kuiegemea, huteleza kidogo na kulundika mzigo wake sehemu ya chini ya mfuko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita "kuanguka" ni kusinyaa kwa vilivyo chini yake. Puto likipungua hewa, mpira wake hulegea bila kuvutwa na mtu.

Basi ndiyo maana nimekonda mashavuni na kunenepa kidevuni?

Ndiyo. Mfuko wa ndani wa shavu unapungua, wa karibu na taya unaning'inia, na wa chini ya kidevu huenda ukaongezeka kabisa iwapo uzito umepanda. Mizani haiwezi kukuambia hayo. Yule mama wa kitambulisho alikuwa ameongezeka kilo mbili tu kwa miaka kumi.

Mabadiliko haya huanza umri gani?

Hakuna umri mmoja. Wengi huanza kuona kitu mwishoni mwa miaka ya thelathini, na mara nyingi eneo la macho ndilo linalotangulia. Shavu hufuata, kisha taya na shingo kuanzia miaka ya hamsini. Wanawake wengi husema mabadiliko yalikimbia ghafla karibu na ukomo wa hedhi, na hawadanganyi: homoni ya estrojeni ikishuka ngozi huwa nyembamba zaidi, mifupa hupungua kwa kasi, na mwili hubadilisha mahali unapoweka mafuta.

Urithi una sauti kubwa hapa. Mtazame mama yako au shangazi yako akiwa na umri ulio nao sasa, utapata picha nzuri kuliko ya jedwali lolote.

Mbona watu wanataja mifupa? Mimi nimeuliza kuhusu mafuta.

Kwa sababu mafuta yameketi juu ya mfupa, na mfupa wenyewe unabadilika. Tundu la jicho hupanuka, mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, na taya la chini hupoteza sehemu ya umbo lake. Kochi likivunjika mbao, kitambaa chake hakiwezi kukaa sawa.

Na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote: meno. Mfupa unaoshika jino huanza kuliwa jino likishang'olewa. Mtu aliyepoteza magego ya pande zote mbili mashavu yake hubonyea, midomo huingia ndani, na kidevu husogea karibu na pua. Nimewaona wazee waliokuja kuomba krimu ya makunyanzi, nikawaelekeza kwa daktari wa meno. Meno bandia yaliyotengenezwa vizuri humrudishia mtu kama huyo uso wake kuliko kopo lolote la dukani, na pia anarudi kula nyama.

## Sehemu moja moja ya uso

Mifuko chini ya macho: ni uchovu au ni mafuta?

Jicho limezungukwa na mafuta yanayolilinda. Kwenye kope ya chini yapo mafungu matatu, na yamezuiwa na utando mwembamba yasitokeze mbele. Utando huo hulegea kwa miaka, mafuta yanasukuma, na uvimbe unaonekana. Wakati huohuo shavu lililo chini yake limepungua, kwa hiyo kunatokea mfereji kati ya viwili hivyo, na mfereji huo ukipata kivuli watu wanakuuliza kama hukulala.

Jipime hivi. Simama mbele ya kioo, usisogeze kichwa, inua macho utazame dari. Uvimbe ukitokeza zaidi, huenda ni mafuta. Uvimbe unaokuwa mkubwa asubuhi na kupungua kufikia mchana mara nyingi ni maji. Ukiwa wa maji na haupungui, soma swali la uso kuvimba asubuhi, hapo chini.

Panja zangu zimeingia ndani. Ninaumwa?

Panja, yaani pale kati ya jicho na sikio, hubonyea kwa watu wengi wenye afya njema, hasa wembamba na wanaokimbia mbio ndefu. Kama imetokea polepole kwa miaka mingi, ni umri. Kama imetokea kwa miezi michache na nguo zimekuwa kubwa pia, nenda ukapimwe.

Mstari wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo unatokana na nini?

Ni mpaka. Upande wa juu kuna mfuko wa mafuta wa shavu, upande wa chini kuna mdomo ambao hauna mafuta mengi na misuli yake imeshikana na ngozi. Kila mtu anao anapocheka, hata mtoto. Ukubwani shavu linalemea ule mpaka, na mstari unabaki hata usipocheka.

Vishimo vya mashavuni ni habari tofauti. Hivyo hutokana na jinsi msuli wa kuchekea ulivyojishika kwenye ngozi. Shavu likipungua, kishimo cha mviringo kinaweza kurefuka kikawa kama mstari. Bibi yangu alikuwa na mistari miwili mirefu kila upande, na tulikuja kuelewa ni vishimo tulipoiona picha yake ya usichana.

Ngozi inayoning'inia kandokando ya kidevu, kwenye taya?

Kuna kamba fupi ya nyuzi iliyoifunga ngozi kwenye mfupa wa taya, karibu na kidevu. Haisogei. Mafuta ya nyuma yake yakishuka yanaikuta kamba, yanajaa upande wa nyuma, na kidevu kinabaki kama kimetengwa. Ndiyo maana mstari wa taya hupinda badala ya kunyooka.

Videvu viwili vinatoka wapi? Mimi si mnene.

Vyanzo ni vitano au sita, na mtu mmoja anaweza kuwa na viwili au vitatu kwa pamoja. Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyashika kwa vidole. Chini yake kuna msuli mpana, mwembamba kama karatasi, unaotoka juu ya kifua hadi kwenye taya. Ni ule unaotokeza kama kamba mtu akikunja uso wa kuchukizwa. Chini ya msuli huo kuna mafuta mengine ambayo vidole haviyafikii. Kuna pia tezi za mate chini ya taya, moja kila upande, ambazo tishu zinazozishikilia zikilegea huonekana kama vivimbe viwili laini. Kuna ngozi yenyewe iliyolegea. Mwisho kuna umbile: mtu mwenye kidevu kifupi, au ambaye mfupa mdogo wa kooni umekaa chini, anakuwa na pembe butu kati ya kidevu na shingo hata akiwa na miaka 20 na kilo 50.

Jaribu: bana sehemu ya chini ya kidevu kwa kidole gumba na cha shahada. Sasa kaza shingo kwa kuvuta pembe za mdomo chini. Kinachobaki vidoleni ni mafuta ya juu na ngozi. Kilichotoroka kiko ndani zaidi. Jaribio hili dogo ndilo linaloamua kama zile sindano na mashine zinazotangazwa zinakuhusu au hazikuhusu kabisa.

Pingili za shingoni ni dalili ya uzee?

Hapana. Mikunjo ya mlalo inayozunguka shingo watu wengine huzaliwa nayo, na Waswahili tumeisifu tangu zamani kuwa ni uzuri. Umri unaweza kuizidisha, na vilevile tabia ya kuinamia simu. Nikiona msichana wa miaka 25 anatafuta namna ya kuifuta, najisikia vibaya.

## Uzito, mazoezi na maisha ya kila siku

Nikipunguza uzito, nitazeeka usoni?

Inategemea umri, na hapa kuna utafiti unaoleta picha safi. Mwaka 2009 daktari Bahman Guyuron na wenzake wa Ohio walichapisha matokeo ya jozi 186 za mapacha wanaofanana, waliopigwa picha kwenye tamasha la mapacha la mji wa Twinsburg. Mapacha wana urithi uleule, kwa hiyo tofauti ya sura inatokana na maisha. Kwa walio chini ya miaka 40, pacha mnene zaidi alionekana mkubwa kwa umri. Kwa waliovuka 40, mambo yaligeuka: mnene zaidi alionekana kijana.

Usichukue hayo kuwa ruhusa ya kunenepa. Moyo, magoti na sukari havitazami picha. Ninachowashauri watu waliovuka miaka 45 ni kupungua taratibu, wale protini ya kutosha, maharage, dagaa, mayai, na wanyanyue vitu vizito kidogo ili misuli isiondoke pamoja na mafuta. Kama kisukari au presha inakutaka upungue, pungua. Shavu si hoja.

Je, sindano za kupunguza uzito zinaharibu uso?

Semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari na mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Haina sumu maalumu ya usoni. Mtu akipoteza kilo nyingi kwa miezi michache, kwa njia yoyote ile, uso hupungua na ngozi haiwahi kujikusanya. Aliyepungua kwa upasuaji wa tumbo huonekana vivyo hivyo.

Kuna zoezi la kuondoa mafuta ya kidevu au shavu?

Kuondoa mafuta ya sehemu moja kwa kuzoeza sehemu hiyo, hapana. Mwili hauchukui akiba pale unapopaonyesha. Kutafuna ubani kutwa nzima kutaongeza msuli wa taya na kuupanua uso.

Kujaza shavu kwa mazoezi ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chicago walitangaza matokeo ya wanawake wa miaka 40 hadi 65 waliofanya mazoezi ya uso dakika 30 kila siku kwa wiki 8, kisha siku moja baada ya nyingine hadi wiki ya 20. Mashavu yalionekana kujaa kidogo zaidi. Lakini waliofika mwisho walikuwa 16 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hayana gharama wala madhara, kwa hiyo anayetaka ajaribu, ila asitarajie kubadilika sura.

Je, ngozi nyeusi huchelewa kuzeeka?

Makunyanzi huchelewa, ndiyo. Melanini, yaani rangi ya ngozi, hukinga jua linalovunja kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi. Lakini mafuta ya ndani na mifupa haviko chini ya kivuli hicho. Kwa hiyo kwetu uso mara nyingi hauzeeki kwa mistari. Unazeeka kwa umbo: macho kuingia, shavu kushuka, mstari wa pua kuongezeka, ngozi ikiwa bado nyororo. Ukisoma ushauri ulioandikiwa watu weupe, unaozungumzia makunyanzi tu, hautakugusa sana.

Na sigara?

Utafiti mwingine wa mapacha, wa mwaka 2013, ulilinganisha jozi 79 ambamo mmoja alivuta, au alivuta miaka mingi zaidi, kuliko mwenzake. Waliovuta walikuwa na mifuko mikubwa zaidi chini ya macho, na ngozi iliyolegea zaidi kwenye taya.

## Ukiona hivi, usiusingizie umri

Uso umekuwa wa duara ndani ya miezi michache, lakini mikono na miguu imekonda.

Hii sura tunaijua, na mara nyingi inatoka dukani. Steroidi, yaani dawa kama deksamethasoni na prednisoloni, zikitumika muda mrefu huhamisha mafuta: mashavu yanajaa hadi yanaziba masikio ukimtazama mtu kwa mbele, na kwenye ukosi panatokea kinundu. Tumbo linakua na ngozi inapata michirizi. Watu wanazipata kwa njia mbili bila kujua. Njia ya kwanza ni vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa maneno matamu. Ya pili ni mkorogo: krimu nyingi za kuchubua ngozi zina steroidi kali, na mtu anayejipaka mwili mzima kila siku huzinywa kupitia ngozi.

Dada mmoja alifurahia sana kusifiwa kuwa amependeza na mashavu yamejaa. Presha yake siku hiyo ilikuwa 170 kwa 110.

Usiache ghafla. Mwili uliozoea steroidi za nje unakuwa umeacha kutengeneza za kwake, na kukatisha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya. Nenda hospitali na kopo au pakiti yenyewe mkononi, upunguziwe hatua kwa hatua. Kama steroidi ulipewa na daktari kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine, zungumza naye huyohuyo.

Uso unavimba asubuhi, hasa kuzunguka macho.

Chumvi nyingi usiku, kulia, au kulala kifudifudi vinaweza kufanya hivyo kwa siku moja. Ikiwa ni kila asubuhi, na miguu nayo inavimba au mkojo una povu, hiyo inaweza kuwa figo. Ikiwa uso umefutuka, ngozi imekauka, unasikia baridi wenzako wakisikia joto, na umechoka muda wote, tezi ya mbele ya shingo (thairoidi) huenda inafanya kazi kidogo. Vyote viwili vinapimika. Mafuta hayavimbi asubuhi na kupungua jioni.

Nitajuaje kama kilichopo shingoni ni mafuta, rovu au tezi?

Chukua glasi ya maji, simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, umeze. Uvimbe ulio mbele ya shingo, chini ya koo, ukipanda na kushuka unapomeza, huenda ni rovu, yaani thairoidi iliyovimba. Mafuta hayapandi.

Uvimbe mmoja laini wa mviringo, unaoteleza chini ya kidole na umekaa miaka bila maumivu, mara nyingi ni kifundo cha mafuta kisicho na hatari, ingawa ni vizuri daktari akigusa naye. Uvimbe pande za shingo, wa kugandana au mgumu, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, ni lazima upimwe TB ya tezi na magonjwa mengine. Kanuni ninayowapa watu: uvimbe wa shingo uliopita wiki tatu hauangaliwi nyumbani.

Na hili moja ni la dharura. Jino bovu, kisha chini ya kidevu panavimba kwa siku moja au mbili, pagumu, pana joto, ulimi unanyanyuka na kumeza kunakuwa kazi: nenda hospitali usiku huohuo. Maambukizi hayo huziba njia ya hewa.

Shingo yangu ni nyeusi na nene, kama ina vumbi. Naisugua haitoki.

Acha kuisugua. Nimeona shingo zilizochubuliwa kwa dodoki na ndimu na watu walioambiwa hawaogi. Ngozi iliyokoza rangi, nene, laini kama mahameli, shingoni na kwapani, mara nyingi inaonyesha kuwa mwili unatengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari, nyingi kupita kiasi kwa sababu hauiitikii vizuri. Pima sukari. Uzito ukishuka, hata kwa kilo chache, rangi hiyo nayo hupungua polepole.

Shingo imenenepa na mume wangu anasema nakoroma.

Mafuta ya shingoni hayakai nje tu. Yanazunguka njia ya hewa, na mtu akilala chali njia hiyo inajibana. Pima mzunguko wa shingo kwa futi ya fundi cherehani. Takriban sentimita 43 au zaidi kwa mwanamume, 41 kwa mwanamke, ni alama ya kuangalia. Ukoromaji wenye vituo, ambapo mtu anakata pumzi kisha anashtuka, pamoja na usingizi wa mchana, ni ugonjwa unaopandisha presha na kusababisha ajali barabarani. Mwambie mumeo akurekodi kwa simu, umpelekee daktari sauti hiyo.

Mashavu yamebonyea na watu wananiambia ninaumwa. Nifanye nini?

Swali hili lina uchungu wa historia. Miaka ya 2000 vidonge vingi vya ARV Afrika Mashariki vilikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha, lakini ilikausha mafuta ya mashavu, panja, mikono na miguu, huku tumbo na ukosi vikijaa. Watu walitambulika barabarani kwa uso wao. Wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe, na dawa za leo hazina tabia hiyo. Nyingine, kama dolutegraviri, huweza hata kuongeza uzito. Waliokula stavudini miaka ile wengi bado wanaibeba alama, maana mafuta hayo hurudi taratibu sana na mara nyingi hayarudi yote.

Kwa hiyo uso uliobonyea hausemi hali ya mtu. Unaweza kuwa umri, mbio, meno, dawa ya zamani au ugonjwa mpya. Kama kuna kukonda kwa mwili mzima bila kujitahidi, kikohozi au homa, pima. Kama hakuna, huna deni la maelezo kwa jirani. Na sisi wengine tuiache ile salamu ya "mbona umekonda hivyo, kuna nini?" mbele za watu.

## Matibabu na maswali ya pembeni

Sindano ya kuyeyusha mafuta ya kidevu inafanya kazi?

Ipo moja yenye ushahidi: asidi ya deoksikoliki, kitu ambacho mwili huwa nacho kwenye nyongo, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu. Huua seli za mafuta, kwa vipindi kadhaa vinavyoachana mwezi mmoja au zaidi. Uvimbe na ganzi ni kawaida, na ikidungwa pasipostahili inaweza kugusa neva ya mdomo, tabasamu likaenda upande kwa muda. Inafaa mwenye mafuta ya juu na ngozi inayobana. Mwenye ngozi iliyolegea atatoka na ngozi tupu inayoning'inia. Rudi kwenye jaribio la kubana lililo kwenye swali la videvu viwili. Vichupa visivyo na jina vinavyouzwa mitandaoni usiviruhusu karibu na shingo yako.

Fila, yaani sindano za kujaza uso, au kupandikizwa mafuta yangu mwenyewe?

Kupandikiza mafuta si jambo geni: Mjerumani Gustav Neuber alifanya hivyo mwaka 1893, akitoa mafuta mkononi kujaza kovu la usoni. Tatizo ni lilelile hadi leo, sehemu ya mafuta hufyonzwa, na haitabiriki ni kiasi gani. Fila za asidi ya hailuroniki huyeyushwa zikikosewa, lakini zikiingia ndani ya mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi au kumpofua mtu. Anayekudunga awe daktari mwenye dawa ya kuyeyusha hapohapo chumbani. Saluni haitoshi, hata kama ina vyeti ukutani.

Nitoe lile fungu la shavu la Bichat nipate uso uliochongoka?

Una miaka mingapi? Ukiwa na 24 utapendeza miaka kadhaa. Lakini umesoma hapo juu kuwa katikati ya uso hupungua kwa wote. Unaondoa leo kitu ambacho utakitafuta ukiwa na miaka 50, na hakioti tena. Mimi humwambia kila kijana asubiri.

Shingo yangu imezungukwa na mafuta kama kola, pande zote sawasawa.

Kuna ugonjwa adimu ambao mafuta hujilundika kwa ulinganifu shingoni, mabegani na ukosini, mara nyingi kwa wanaume wenye historia ndefu ya pombe. Otto Madelung aliueleza mwaka 1888. Kupunguza mlo hakuyaondoi mafuta hayo. Unahitaji daktari wa upasuaji, na pombe iachwe.

Nikitaka kufuatilia uso wangu, nipige picha vipi?

Usijipige kwa mkono wako mwenyewe. Kamera ikiwa karibu, kama sentimita 30, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikiwa umbali wa mita moja na nusu, na uso mzima hupotoshwa. Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu hivi, kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke dirishani mbele yako, usicheke. Piga moja ya mbele na moja ya kila upande. Rudia mahali palepale, saa ileile, baada ya miezi sita. Yule mama wa kitambulisho alifanya hivyo, na picha za pili alipokuja nazo hapakuwa na tofauti yoyote tuliyoiona, yeye wala mimi. Sukari yake, tuliyoipima siku ile ya kwanza kwa sababu ya weusi wa shingoni, ndiyo iliyokuwa imeshuka.